Ukungu Kabatini: Maji Yanatoka Wapi?

Fungua kabati au sanduku la nguo mwezi wa Machi, wakati kifuku kimekolea. Kabla macho hayajaona kitu, pua hupata habari: ni harufu nzito, kama ya udongo uliofunikwa kwa muda mrefu. Vuta sweta lililo chini kabisa. Huenda ukaona madoa meupe, ya kijani au meusi. Mkanda wa ngozi umevaa vumbi jeupe. Daftari la mwaka jana limevimba, na kurasa zake zimeshikana.

Watu husema, "Nguo zimeota ukungu." Neno hili lina maana mbili katika lugha yetu. Ukungu ni ule mvuke mweupe wa asubuhi unaofunika mlima Loleza juu ya mji wa Mbeya, na mashamba ya chai ya Mufindi katika mkoa wa Iringa. Tena ukungu ni ule unga unaoota juu ya nguo, mkate na ngozi. Ili tusichanganye mambo, katika somo hili ule wa kwanza tutauita ukungu, na wa pili tutauita kuvu. Utaona baadaye kwamba vitu hivi viwili vina uhusiano wa karibu, hata kama jina ni moja kwa bahati tu.

Kuvu ni kitu gani?

Kuvu si uchafu, si kutu, wala si mmea. Ni kiumbe hai, ndugu wa uyoga. Mhindi na mgomba vina majani ya kijani, navyo hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Kuvu haina majani hayo. Kwa hiyo hula kile inachokikalia. Hutandaza nyuzi nyembamba sana, nyembamba kuliko unywele, kisha hutoa majimaji yanayoyeyusha chakula chake na kukifyonza. Nguo ya pamba iliyoshikwa na kuvu kwa muda mrefu huchanika ukiivuta kidogo tu, maana sehemu ya nyuzi zake imekwisha kuliwa.

Chakula cha kuvu kabatini ni kingi: pamba, sufu, ngozi, karatasi, gundi ya jalada la kitabu, na mbao za kabati lenyewe. Kuvu hupenda sana wanga uliotiwa nguoni wakati wa kupiga pasi, na jasho lililobaki nguoni. Chunguza shati lililoota kuvu. Mara nyingi madoa ya kwanza huonekana kwenye kola na makwapani. Nguo ya nailoni haiyeyushwi kwa urahisi kama pamba, lakini ikihifadhiwa na uchafu wake, kuvu itakula uchafu huo na kuacha madoa yake hapo hapo.

Kuvu huzaana kwa chembe ndogo ziitwazo spora. Spora moja haionekani kwa macho. Hutazamwa kwa hadubini. Zimo hewani, sokoni, shambani, hata katika chumba cha darasa unamosoma sasa. Mwaka 1928, mjini London, mwanasayansi Alexander Fleming alikuwa akikuza bakteria katika sahani za maabara. Spora ya kuvu ikaingia katika sahani moja bila kualikwa, ikaota. Fleming aliona kwamba karibu na kuvu hiyo bakteria walikuwa wamekufa, na kutokana na jambo hilo tukapata dawa ya penisilini. Kwa hiyo si kila kuvu ni adui wa mwanadamu. Lakini tazama jambo jingine katika habari hiyo: ikiwa spora iliweza kuingia katika sahani ya mwanasayansi, itashindwaje kuingia katika kabati lako?

Ili kuvu iote, inahitaji mambo manne: spora, chakula, joto la wastani na maji. Spora hatuwezi kuzimaliza. Chakula ni nguo na vitabu vyetu, hatuwezi kuvitupa. Joto linaloipendeza kuvu hutupendeza na sisi pia. Limebaki jambo moja tu tunaloweza kulishika, nalo ni maji.

Jaribio la 1

Vifaa: vipande vitatu vya kitambaa cha pamba kilichochakaa, uji mwepesi uliopoa, chupa mbili za kioo zenye vifuniko, na kamba.

Njia: Chovya vipande vyote vitatu katika uji, kisha vikamue. Kipande cha kwanza kianike juani mpaka kikauke kabisa, ndipo ukitie katika chupa kavu na kufunga. Cha pili kitie chupani kingali kibichi, ufunge. Cha tatu kitundike kingali kibichi kwenye kamba mahali penye upepo, pasiponyeshewa. Weka chupa zote mbili katika kabati la darasa. Tazama kila siku kwa muda wa siku kumi, na uandike unachokiona katika daftari lako.

Usifungue chupa ya pili baada ya kuvu kuota, wala usiinuse. Jaribio likiisha, mwombe mwalimu aifukie ikiwa imefungwa.

Vitambaa vyote vilikuwa na chakula kilekile. Spora zilivifikia vyote. Je, ni kitu gani kilichotofautiana?

Hewa hubeba maji

Maji ya kwenye kitambaa cha tatu yalikwenda wapi? Yaligeuka mvuke, yakachukuliwa na hewa. Hewa yote inayotuzunguka ina mvuke wa maji usioonekana. Lakini hewa ina kiasi chake, kama ndoo. Hewa yenye joto ni ndoo kubwa. Hewa baridi ni ndoo ndogo. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, iliyo ya mita moja ya ujazo, huweza kubeba mvuke wa gramu 17 hivi. Ikipoa hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi.

Sasa fikiri chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3. Hewa yake ni mita za ujazo 27. Tuseme jioni kila mita ya ujazo ina gramu 14 za mvuke. Usiku hewa hiyo yote ikipoa hadi nyuzi 10, gramu 5 za kila mita ya ujazo hukosa nafasi. Zidisha 5 kwa 27. Utapata gramu 135 za maji, ambayo ni zaidi ya nusu ya kikombe cha chai. Maji hayo lazima yatue mahali fulani, nayo hutua kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote chumbani. Nje, jambo hilihili hutupatia umande kwenye nyasi na ukungu mabondeni. Ndani ya basi lililojaa abiria asubuhi, hutupatia matone kwenye vioo. Na ndani ya nyumba, hulowesha ukuta wa nje ulio nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna anayetazama. Huo ndio uhusiano wa ukungu na kuvu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba baridi na unyevu ni kitu kimoja. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake huuma. Lakini miezi hiyo ni ya kiangazi. Hewa ni kavu, jua la mchana ni kali na upepo unavuma, hata nguo hukauka vizuri. Safiri kutoka hapo kwenda Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, nawe utakuta mambo mengine. Hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa hupanda milima, hupoa, na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Huko sweta zito laweza kukaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Mkoa wa Iringa nao ni hivyo hivyo: mji wa Iringa hupata mvua chache, lakini Mufindi, kwenye mashamba ya chai, ukungu hushuka hata wakati wa kipupwe ambapo kwingine ni pakavu. Kwa hiyo kabla ya kuiga namna jirani wa mbali anavyotunza kabati lake, jua kwanza hewa ya kwenu ikoje.

Njia tatu za maji

Maji huingia kabatini kwa njia tatu. Ya kwanza ni vitu vyenyewe: nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka, viatu vilivyonyeshewa, au kabati lililotengenezwa kwa mbao mbichi. Ya pili ni ukuta na sakafu, ambavyo hufyonza maji ya ardhini au ya mvua. Ya tatu ni hewa ya chumbani. Tunapolala tunatoa mvuke kwa pumzi na jasho. Mtu mmoja hutoa kama kikombe kimoja cha maji kwa usiku mmoja. Hesabu walalao katika chumba chenu. Ongeza chungu kinachochemka, na nguo zilizoanikwa ndani. Taa ya chemli nayo hutoa mvuke: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa maji yapatayo lita moja.

Watu wengi hupoteza fedha kwa sababu hutafuta dawa kabla ya kutafuta njia ya maji. Fundi huitwa kupiga rangi ukuta uliooza, na kifuku kinachofuata madoa hurudi palepale, juu ya rangi mpya. Afadhali kuuliza ukuta wenyewe.

Jaribio la 2

Vifaa: kipande cha plastiki angavu chenye ukubwa wa jalada la daftari, na utepe wenye gundi.

Njia: Sogeza kabati mbele kwa msaada wa mtu mzima. Pangusa sehemu ya ukuta iliyokuwa nyuma yake. Bandika plastiki ukutani, na uzibe kingo zake zote nne kwa utepe ili hewa isipite. Iache kwa siku mbili, kisha itazame asubuhi na mapema.

Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya plastiki na ukuta, maji yametoka ukutani. Ukikuta matone upande wa nje, unaotazama chumba, maji yametoka katika hewa ya chumba. Ukikuta pande zote mbili, nyumba yenu ina kazi mbili. Na ukikuta pakavu kote, geuka uzichunguze nguo zenyewe na mbao za kabati. Jaribio hili halihitaji fedha, na laweza kuokoa gharama ya ndoo nzima ya rangi.

Kuziba njia

Ikiwa maji yametoka ukutani, toka nje uutazame ukuta upande wa pili. Je, maji ya bati humwagika karibu na msingi? Je, udongo umelundikana juu ya msingi hata kugusa matofali? Tofali la kuchoma hunywa maji kama sifongo. Maji yakifika kwenye tofali la chini, hupanda hadi la juu yake, na hayaulizi ruhusa. Kazi ya kwanza ni kuondoa udongo huo na kuchimba mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba. Wenye uwezo huweka gata kwenye paa. Nyumba inapojengwa, fundi mwenye ujuzi huweka tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kupanga tofali la kwanza. Kuliweka baadaye ni kazi ngumu na ya gharama kubwa. Lipu iliyolowa yahitaji majuma mengi kukauka baada ya maji kuzuiwa, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Ikiwa maji yametoka hewani, dawa yake ni upepo. Fungua madirisha asubuhi jua likishapanda, hata kama kuna ubaridi, maana hewa ya ndani iliyojaa pumzi za usiku ina mvuke mwingi kuliko ile ya nje. Wakati wa mvua au ukungu mzito, funga. Anika nguo barazani badala ya chumbani. Sogeza kabati lisiguse ukuta. Acha nafasi ya kiganja cha mkono nyuma yake, na uliinue juu ya vipande vya mbao au matofali makavu. Kabati likiweza kusimama kwenye ukuta wa kati ya vyumba viwili ni bora zaidi, kwa sababu ukuta huo hauna baridi kama ule wa nje.

Tena usiyajaze mavazi mpaka mlango usukumwe kwa goti. Ukipita Mafinga, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, tazama mbao za paina zilizopangwa kando ya barabara. Kati ya tabaka moja na jingine wachana mbao huweka vijiti vyembamba. Mpaina uliokatwa leo katika msitu wa Sao Hill waweza kuwa na maji yafikayo nusu ya uzito wake au zaidi, na mbao zake zikilundikwa bila nafasi, kuvu huingia na kuzitia rangi ya buluu. Vijiti vile ni njia ya upepo. Nguo zako nazo zahitaji njia hiyo: zitundike kwenye henga zikiachana, na zile za kukunja zisibanwe. Habari hii ya mbao ina funzo jingine kwa mnunuzi. Kabati jipya linalonuka ubichi na kuonekana zito kupita kiasi bado lina maji ya msituni. Liache wazi majuma kadhaa kabla ya kulijaza.

Nguo iliyo kavu nje yaweza kuwa na unyevu ndani. Shika mshono wa kwapa na mpindo wa chini wa sweta, halafu uuweke shavuni. Shavu huhisi ubaridi wa unyevu kuliko vidole. Ukihisi ubaridi, rudisha nguo kambani.

Vitu vinavyodanganya

Vidonge vya nondo hufukuza wadudu wanaokula sufu. Havikaushi kitu. Tena ni sumu, na mtoto mdogo aweza kuvidhani peremende. Visiwekwe mahali anapofika. Udi na karafuu hutia harufu nzuri, lakini kuvu haiachi kuota kwa sababu ya manukato. Mkaa usiowashwa, ukiwekwa kabatini katika kopo lenye matundu, hufyonza unyevu kidogo. Chumvi hufanya hivyo pia: iache wazi kwenye kisahani wakati wa kifuku uone inavyolowa. Vitu hivi husaidia katika sanduku dogo lililofungwa vizuri, navyo lazima vikaushwe au vibadilishwe mara kwa mara. Havina nguvu mbele ya ukuta unaovuja.

Lipo kosa moja lililo baya kuliko yote. Wako wanaoingiza jiko la mkaa uliowashwa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, ili kufukuza baridi na kukausha nguo. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala hufa bila kuamka. Usilale kamwe na jiko la mkaa chumbani, na ukimwona mtu akifanya hivyo, mwambie mtu mzima mara moja.

Kuvu ikishaota

Usikung'ute nguo yenye kuvu ndani ya nyumba. Kila mpigo hurusha spora nyingi hewani. Mtu akizivuta aweza kupiga chafya na kuwashwa macho, na mwenye pumu aweza kubanwa kifua. Mtoto mchanga asilale katika chumba kinachonuka kuvu. Funga kitambaa puani na mdomoni, toa vitu vyote nje, futa mbao za kabati kwa kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya sabuni, kisha uliache kabati wazi mpaka likauke kabisa. Nguo zifuliwe na kuanikwa kwenye jua kali, ndipo zipigwe pasi. Vitabu havifuliwi: visimamishe wazi mahali penye upepo na kivuli, na vikishakauka upanguse kurasa ukiwa nje. Madoa meusi ya siku nyingi huenda yasitoke, lakini kuvu yenyewe haitaendelea bila maji.

Nguo yenye kuvu hufuliwa ikavaliwa. Chakula chenye kuvu sivyo. Baadhi ya kuvu zinazoota kwenye mahindi na karanga hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyo, na 20 kati yao wakafariki. Mikoa hiyo haina mvua nyingi kama Rungwe. Hata katika nchi kavu, punje iliyohifadhiwa na maji yake ndani huota kuvu. Kabla ya kuhifadhi mahindi, wakulima hutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, wakaitikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yarudi juani.

Maswali

1. Taja mambo manne yanayohitajika ili kuvu iote. Kwa nini tunapambana na moja tu?

2. Chumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3. Hewa yake ina gramu 12 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, gramu ngapi za maji zitatua?

3. Katika nyumba moja, plastiki ilikuwa na matone upande wa chumba tu. Baba mwenye nyumba anataka kununua rangi mpya ya ukuta. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

4. Kwa nini nguo hukauka vizuri mjini Mbeya mwezi wa Julai ingawa kuna baridi?

5. Fanya Jaribio la 2 nyumbani. Chora ramani ya chumba, uonyeshe ukuta wa nje, dirisha, kitanda na kabati. Lete ramani yako darasani pamoja na matokeo, uwaeleze wenzako mahali ambapo ungehamishia kabati hilo.